Kula Hard Rock Cafe ya Times Square, New York: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kutoka kwa watu wanaojiandaa kwenda New York na wangependa kula angalau mara moja Hard Rock Cafe, mgahawa ambao magitaa ya wanamuziki maarufu yametundikwa ukutani. Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Ukienda pale kushibisha tumbo tu, utaona umelipa ghali. Ukienda kuzitazama kuta kwanza, kisha ukala, utatoka umeridhika. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Mgahawa uko wapi hasa, na nifikeje?

Uko 1501 Broadway, kati ya Mtaa wa 43 na Mtaa wa 44, ndani ya jengo la Paramount. Kwa treni za chini ya ardhi, shuka stesheni ya Times Sq–42 St. Hapo hupita treni namba 1, 2, 3 na 7, pamoja na N, Q, R na W, na ile fupi ya S inayotoka Grand Central. Ukitokeza juu, inua macho utafute jengo refu lenye ngazi-ngazi, lenye saa kubwa na tufe la kioo kileleni. Ndilo hilo. Duka liko usawa wa barabara na sehemu ya kulia chakula iko chini yake, kwa hiyo anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza ngazi amwambie mapema mhudumu wa mlangoni aelekezwe kwenye lifti.

Kwa nini jengo lenyewe linatajwa sana?

Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulijua, nami nalisikitikia. Jengo la Paramount lilijengwa katikati ya miaka ya 1920, na ndani yake mlikuwa na ukumbi wa sinema na muziki wenye viti zaidi ya 3,600. Tarehe 30 Desemba 1942, kijana mwembamba aitwaye Frank Sinatra alipanda jukwaani humo akiwa mwimbaji wa nyongeza tu, bendi kubwa ya siku hiyo ikiwa ya Benny Goodman. Wasichana walipiga mayowe mpaka wanamuziki wakashangaa. Aliporudi Oktoba 1944, umati wa vijana uliziba mitaa ya Times Square na polisi wakaitwa kwa mamia. Baadhi ya wasichana walioingia onyesho la asubuhi walikataa kuondoka vitini, wakakaa kutwa nzima, huku maelfu ya wenzao wakisubiri nje.

Ukumbi ulifungwa katikati ya miaka ya 1960 na nafasi yake ikageuzwa ofisi. Hard Rock Cafe ilihamia katika jengo hili mwaka 2005, ikitoka Mtaa wa 57 ilikokuwa tangu 1984. Kwa hiyo unapoteremka kwenda mezani, unaingia kwenye jengo lililokuwa na historia ya muziki kabla gitaa la kwanza halijatundikwa. Simama kwanza upande wa pili wa barabara ulitazame paji la mlango, lile tao lenye maandishi ya Paramount. Dakika mbili zinatosha.

Hard Rock Cafe ilianza New York?

Hapana, ilianzia London. Tarehe 14 Juni 1971, Wamarekani wawili vijana, Isaac Tigrett na Peter Morton, walifungua mgahawa Old Park Lane karibu na Hyde Park, katika jengo lililokuwa likiuza magari ya Rolls-Royce. Walitaka London iwe na baga kama walizozizoea kwao, na mahali ambapo dereva wa lori na mwenye benki wangekaa meza jirani. Nembo ile ya duara ilichorwa na msanii Alan Aldridge.

Tawi la New York lilifunguliwa na Tigrett. Wawili hao waligawana dunia, kila mmoja akachukua miji yake, na Morton akafungua Los Angeles mwaka 1982. Wale waliofika New York zamani huikumbuka ile ya Mtaa wa 57 kwa sababu ya nusu ya nyuma ya gari la Cadillac iliyochomoza juu ya mlango.

Magitaa yalifikaje ukutani?

Hayakupangwa. Mwaka 1979 mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa mteja wa kila mara wa mgahawa wa London, na alikuwa na kiti chake cha kaunta. Akataka kijulikane kuwa ni chake, gitaa lake likatundikwa hapo juu. Haikupita muda, Pete Townshend wa kundi la The Who akatuma la kwake, na kijibarua kifupi cha kusema kwamba lake nalo halipungui kitu mbele ya lile la mwenzake. Baada ya hapo vitu vikaanza kumiminika. Leo kampuni ina vitu zaidi ya 80,000 katika matawi, hoteli na kasino zake duniani.

Chanzo chenyewe ni utani wa wapiga gitaa wawili. Ukilijua hilo, kuta zinakuwa na uhai mwingine.

Je, vitu hivyo ni halisi?

Ndiyo, vitu vinavyooneshwa kama mali ya mwanamuziki fulani ni vya mkusanyo wa kampuni. Lakini fahamu kwamba huhamishwa kutoka tawi hadi tawi. Usisafiri kwa ajili ya gitaa moja uliloliona kwenye picha ya mtu miaka mitatu iliyopita, maana huenda sasa liko bara jingine.

Nizitazameje kuta bila kuwasumbua wanaokula?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hukaa, hula, hulipa na kuondoka wakiwa wameona ukuta mmoja tu uliokuwa mbele yao.

Kwanza, omba. Ukishaagiza, mwambie mhudumu kwamba ungependa kuzunguka kidogo chakula kikiwa jikoni. Wamezoea ombi hilo. Mwachie mwenzako meza, mpeane zamu. Usiinamie meza ya watu wengine. Ikiwa kitu unachokitaka kiko juu ya vichwa vya familia inayokula, subiri wanyanyuke.

Pili, tazama alama za matumizi. Kwenye gitaa lililopigwa kweli jukwaani, rangi hukwanguka pale mkono wa kulia unapopita, na mbao za shingo huwa zimefifia kwenye sehemu ambazo vidole vilikaa zaidi. Angalia nyuzi zimefungwa upande gani: gitaa la mtu wa mkono wa kushoto hugeuzwa, na ukishajifunza kulitambua utalitafuta kila ukuta. Kwenye nguo za jukwaani tazama vipimo, kwa maana wasanii tunaowaona wakubwa kwenye skrini mara nyingi walikuwa watu wadogo wa mwili. Na penye karatasi ya mashairi iliyoandikwa kwa mkono, soma yale maneno yaliyokatwa, maana ndipo unapomwona mtunzi akihangaika.

Tatu, soma vibao. Vimeandikwa kwa maneno machache, na ndivyo vinavyotofautisha koti la kawaida na koti lililovaliwa usiku fulani, mbele ya watu fulani.

Lazima nile ili niingie?

Dukani unaingia bila kununua chochote. Chini, kwenye kaunta ya baa, unaweza kukaa na kinywaji kimoja ukaangalia yaliyo karibu. Kwa mtu mwenye saa moja tu au bajeti ndogo, hilo ndilo ningelichagua.

Niende saa ngapi?

Jibu linategemea maonyesho ya kumbi za tamthilia na muziki za Broadway. Maonyesho mengi ya jioni huanza saa moja au saa mbili usiku, na ya mchana huwa zaidi Jumatano, Jumamosi na Jumapili, kuanzia kama saa nane. Wenye tiketi wote hutaka kula kabla. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja na nusu, mtaa mzima umejaa, na wahudumu wana haraka kwa sababu kila meza inawaambia ina onyesho. Njoo saa tisa alasiri, au baada ya saa mbili na nusu usiku taa za kumbi zikishazimwa. Alasiri ndiyo bora zaidi: meza nyingi ziko wazi na unaweza kuzunguka utakavyo.

Wiki ya mwisho wa Desemba usiitarajie tulivu saa yoyote. Na usiku wa tarehe 31 Times Square hufungwa kwa vizuizi vya polisi, kwa hiyo usifikirie kwamba utapita tu ukaingia.

Nahitaji kuweka meza mapema?

Kwa watu wawili alasiri, hapana. Kwa kundi la watu sita au zaidi, au kwa jioni, weka kupitia tovuti yao. Ukifika umechelewa sana meza hupewa wengine, nao hawana kosa.

Chakula ni cha aina gani?

Cha Kimarekani cha kawaida: baga, mbavu zilizochomwa, mabawa ya kuku, sandwichi, nyama ya steki, saladi, samaki wa aina moja au mbili, chipsi, na vitamutamu vikubwa vya aiskrimu na keki. Baga ndiyo iliyoanzisha biashara mwaka 1971 na ndiyo ningeagiza. Sahani ni kubwa. Watu wawili wasio na njaa kali wanaweza kuagiza kitangulizi kimoja na sahani moja kuu wakagawana, na hakuna atakayewashangaa. Kikibaki, omba boksi la kubebea.

Je, ni chakula bora kabisa New York? Hapana. Katika mji huo, kwa pesa hiyohiyo utapata chakula kitakachokufurahisha zaidi mdomoni. Lakini hakitakuwa na ukuta ule.

Maji ya bomba ya New York ni salama na mgahawani hupewa bure ukiyaomba. Sema wazi kwamba unataka ya bomba, la sivyo unaweza kuletewa ya chupa na yakaingia kwenye bili. Vinywaji vingine huletwa kwa bei mbili: glasi ya kawaida, au glasi yenye nembo utakayoondoka nayo. Ukiulizwa swali hilo haraka-haraka, tulia kabla ya kusema ndiyo.

Mimi sili nguruwe wala sinywi pombe. Nitapata nini?

Utapata, ila usidhani chochote. Bekoni huwekwa kwenye baga nyingi, hata zile ambazo jina lake halikudokezi, na mbavu za kwenye menyu za Kimarekani mara nyingi ni za nguruwe. Baadhi ya michuzi huwa na pombe. Uliza kabla ya kuagiza, taja sahani kwa jina, na omba waandike kwenye oda kwamba bekoni isiwekwe. Kwa anayeshika halali kikamilifu, nyama ya ng'ombe na kuku visichukuliwe kuwa ni halali pasipo uthibitisho wa mgahawa. Samaki au mlo wa mboga ndiyo njia ya usalama, na hata hapo uliza kama kikaango kimoja hutumika kwa kila kitu. Mwenye mzio wa karanga, maziwa au samaki wa maganda aseme mara tu anapoketi.

Kwa nini bili ni kubwa kuliko bei za menyu?

Kwa sababu bei za menyu New York hazijajumuisha kodi wala bakshishi. Kodi ya mauzo kwenye chakula cha mgahawani jijini humo ni asilimia 8.875. Bakshishi ya kawaida ni asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi.

Chukua mfano wa chakula na vinywaji vya dola 100. Kodi ni dola 8.88. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 20. Unalipa dola 128.88. Basi kila unapoisoma menyu, ongeza karibu theluthi kichwani, hutashtuka.

Wenyeji wana njia ya mkato: hutazama mstari wa kodi na kuuzidisha kwa mbili. Dola 8.88 mara mbili ni dola 17.76, karibu asilimia 18. Ukiridhishwa, ongeza kidogo.

Kabla ya kuandika chochote, soma bili yote. Kwa makundi makubwa, na wakati mwingine hata kwa meza ndogo katika maeneo ya watalii, mgahawa huwa umeshaongeza malipo ya huduma. Ukiona maneno *gratuity* au *service charge* yenye kiasi mbele yake, bakshishi imeshahesabiwa, na hulazimiki kulipa mara ya pili.

Bakshishi ni lazima kweli?

Kisheria si lazima. Lakini naomba usiondoke bila kuiacha. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara jijini New York kilikuwa dola 16.50 kwa saa, huku sheria ikimruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani dola 11 tu kwa saa, tofauti ijazwe na bakshishi. Yaani mfumo mzima umejengwa juu ya mkono wa mteja. Huenda mfumo huo haukupendezi, nami pia haunipendezi, ila atakayeumia ukiukataa ni yule aliyekubebea sahani. Huduma ikiwa mbaya, mwite meneja mzungumze kwa upole.

Nilipe kwa kadi au kwa pesa taslimu?

Vyote hukubaliwa. Tangu Novemba 2020 sheria ya jiji inazitaka biashara za chakula na maduka kupokea pesa taslimu. Ukitumia kadi, mara nyingi mhudumu huichukua, huipitisha, kisha hukuletea karatasi yenye mistari mitatu: kiasi, bakshishi, na jumla. Wewe ndiye unayeandika bakshishi na jumla kwa mkono, unatia sahihi, unaacha nakala moja mezani. Kiasi kamili huonekana kwenye akaunti baadaye, ndiyo maana ujumbe wa kwanza kutoka benki unaweza kuwa mdogo kuliko ulichoandika. Tunza nakala yako hadi kiasi hicho kithibitike.

Ile alama ya kichupa cha chumvi kwenye menyu ni nini?

Ni onyo la chumvi. New York inaitaka migahawa yenye matawi 15 au zaidi nchini kuweka alama hiyo kwenye sahani yenye sodiamu miligramu 2,300 au zaidi, kiasi ambacho ni kikomo cha mtu mzima kwa siku nzima. Mwenye presha aichukulie kwa uzito. Kando ya bei utaona pia idadi ya kalori. Na mlangoni au dirishani mwa kila mgahawa jijini kuna karatasi yenye herufi A, B au C: ni matokeo ya ukaguzi wa usafi wa idara ya afya, mpango ulioanza 2010. A ndiyo nzuri.

Watoto wanafaa? Na wazee?

Watoto hupapenda, na kuna menyu yao. Shida ni kelele. Muziki wa roki hupigwa kwa sauti, na skrini zinaonesha video muda wote. Mama yako mwenye umri mkubwa akitaka mazungumzo, omba meza ya pembeni mbali na spika, na njoo alasiri. Mtoto mchanga anayelala kwa shida, sikushauri kumleta usiku.

Kwa pombe, umri ni miaka 21, na huombwa kitambulisho hata mtu mwenye mvi. Beba pasipoti yenyewe, picha ya kwenye simu hukataliwa mara nyingi.

Fulana zina thamani gani, mbona watu huzikusanya?

Zilianza kama ziada. Mgahawa wa London ulidhamini timu ya mpira ya mtaani katika miaka ya 1970, fulana zikabaki, wakawagawia wateja, na kesho yake watu wakaja kuzitafuta. Baadaye jina la mji likaandikwa chini ya nembo, na kuanzia hapo fulana ikawa ushahidi wa safari. Beji ndogo za chuma zina wakusanyaji wao pia, na hubadilishana kwa bidii.

Neno la akiba: New York City, nguo inayouzwa chini ya dola 110 kwa kipande haitozwi kodi ya mauzo. Kwa hiyo bei ya fulana ndiyo unayolipa. Beji, kikombe na glasi hutozwa.

Mwenye kampuni ni nani sasa?

Ni kabila la Seminole la Florida, wenyeji wa asili wa Marekani, walioinunua mwaka 2007 kwa dola milioni 965. Watu wengi hushangaa wakisikia, na wanastahili kushangaa kwa furaha.

Nikitaka muziki wa kuimbwa, badala ya wa ukutani?

Tembea juu hadi Broadway na Mtaa wa 51, kwenye Ellen's Stardust Diner. Haina matawi kama hii, lakini wahudumu wake huimba wakikuletea chakula, wengi wao wakitafuta nafasi katika maonyesho ya Broadway. Foleni huwa ndefu, na ndoo ya bakshishi ya waimbaji hupitishwa mezani, kwa hiyo uwe na noti ndogondogo. Kama una siku mbili, nenda kote. Kama una moja na unapenda magitaa, baki Mtaa wa 43.

Nikitoka nje, kuna la kuangalia?

Watu waliovaa kama wahusika wa katuni watakukaribia na kukukumbatia kwa picha. Ukipiga nao, wanatarajia kulipwa, na mara nyingi huja wawili au watatu, kila mmoja na mkono wake. Kama hutaki, sema hapana ukiendelea kutembea. Jiji liliwatengea maeneo yaliyochorwa chini kwa rangi tangu 2016, kwa hiyo ukiyakwepa hayo utapita kwa amani hadi stesheni.